Nimeambiwa nitafyekewa shamba bure, nikubali?

Mama wa Shamba, habari yako. Mimi husoma hii safu kila wiki lakini sijawahi andika, leo nimeamua juu kila mtu ninayeuliza ananipa jibu lake na mimi nimechanganyikiwa.

Mimi ni kijana wa Butere, kitinda mimba kwetu, lakini nakaa Nakuru hapa Free Area, niko na duka ya spea za pikipiki. Baba alifariki 2015, miaka michache baadaye mama akaanza kusumbuliwa na presha nikamleta tukae na yeye huku. Kaka mkubwa yuko Nairobi, dada zetu wawili wameolewa, kwa hivyo boma imebaki hivyo tu, hakuna mtu analala huko. Ni ekari mbili na kidogo. Title bado iko kwa jina ya baba, hiyo mambo ya succession (kurithishwa kupitia korti) tunaongeanga tu tukikutana matangani halafu kila mtu anarudi kwake.

Sasa Pasaka nikaenda kuangalia, Mama wa Shamba nilishtuka. Lantana imepanda mpaka kwa madirisha, mlango wa mbele hata sikuufikia. Mapera yameota kila mahali yenyewe, mengine yako ndani ya choo ya zamani. Yale maua ya njano machungu yamejaa upande wa barabara. Chini kwa kijito kuna mikaratusi ya baba imekuwa mikubwa, na huku juu kuna mvule moja ya tangu enzi za babu pamoja na lusiola kadhaa zilizonyooka. Kaburi ya baba niliitafuta sikuiona, najua tu iko upande gani. Jirani mmoja analima miwa mpaka kwa mpaka wetu kabisa, huyo mwingine amepanda nepia na nikiangalia vizuri naona ni kama ameingia kwetu hatua kadhaa. Halafu asistanti chifu amemwita baba mdogo akamwambia majirani wanalalamika, ati pale kwetu ndio nyoka zinatoka na wezi wa kuku ndio hapo wanajificha.

Mama anataka kurudi nyumbani Disemba, ameniambia hawezi kungojea kufa Nakuru. Mimi nataka nimjengee kanyumba ka vyumba viwili halafu nipande avokado kwa hiyo ingine. Niko na elfu thelathini ya kusafisha, sina zaidi.

Mambo niliyoambiwa ni haya. Kuna jamaa wa makaa wa hapo soko, amesema atanifyekea yote bure, silipi hata soda, yeye anabeba tu kila kitu kilicho na shina. Kuna mwenye tinga anataka elfu arobaini na tano, anasema siku moja itabaki uwanja wa mpira. Baba mdogo anasema nisipoteze pesa, tungoje Januari ikauke tuwashe moto. Na jamaa wa hapa kwa duka anasema nitafute mbuzi za watu zikule.

Mimi nimeelekea kwa ya bure, lakini mama ananuna kila nikiitaja na hasemi ni kwa nini. Nisaidie.

Kijana wa Butere, niko Nakuru

*

Mwanangu wa Butere,

Huyo wa makaa mwambie asante lakini hapana, na umwambie leo, maana hawa watu ukinyamaza wanahesabu umekubali na utapigiwa simu mti ushalala chini. Mama yako ananuna kwa sababu yeye ameshaelewa biashara yenyewe na wewe bado.

Hebu angalia vizuri alichokuambia: anabeba kila kitu kilicho na shina. Sasa lantana ina shina gani la kuchoma makaa? Vipera vya unene wa kidole je? Kinachokufungia mlango, kinachoficha nyoka, kinachofanya chifu aite baba yako mdogo, yote hayo huyo bwana hana haja nayo. Yeye anakuja kwa mvule, kwa lusiola na kwa mikaratusi. Ataingia na pawa, ule msumeno wa mashine, siku tatu nne, atakata manono, matawi atayaangusha juu ya lantana yako, kisha ukimpigia simu mteja hapatikani. Utabaki na kichaka kile kile isipokuwa sasa kimefunikwa na matawi makavu, na vibarua watakuongezea bei wakiona hiyo kazi. Wewe unaiita bure, mimi naona umemwachia fisi bucha.

Halafu fikiria kidogo, unataka kumjengea mama nyumba, si ndio? Lusiola, ile Wajaluo wanaita siala, ndiyo nguzo na paa za nyumba za huko kwetu tangu zamani, mchwa hawaikimbilii ovyo na ukiikata vizuri kisiki kinachipuka tena. Yaani fito na nguzo za nyumba ya mama ziko hapo zimesimama na wewe unataka zigeuke gunia za makaa. Mvule ndiyo usiseme, mbao yake ni ya heshima na wewe huwezi kupanda mwingine ukauona unakua hivyo maishani mwako. Usiuguse mpaka familia nzima ikae.

Na hapo kwa familia ndipo kuna mtego ambao hujauona. Shamba ni la marehemu, succession hamjafanya. Sheria ya urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kortini, na adhabu yake ni faini mpaka shilingi 10,000 au jela mpaka mwaka mmoja, au vyote viwili. Sisemi ukifyeka lantana kwenu utalala ndani, kusafisha boma ya mama yako nani atakushtaki. Lakini kuuza miti, au kumpa mtu aibebe, hiyo ni kugawa mali, na siku kaka yako wa Nairobi ataamka vibaya ndiyo siku utaitwa mwizi wa mvule ya babu. Kwa hiyo fungueni grupu ya WhatsApp mama awe wa kwanza kusema, na dada zako wawe ndani, kuolewa hakujawatoa kwenye urithi, waulize wanasheria. Kubalianeni mti gani unakatwa, mti gani unabaki, andikeni. Na mkiwa hapo hapo nendeni kwa chifu awaandikie ile barua inayotaja warithi, hiyo ndiyo huanza safari ya succession, maana kila mwaka mnaongea matangani na matanga hayaishi.

Utasikia wengine wakikuambia kukata miti kumepigwa marufuku kabisa. Ile marufuku ya Februari 2018 ilikuwa ya misitu ya serikali na ya jamii, na Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023 akiwa Molo, hapo hapo kaunti yako ya sasa. Kwa mti wa shambani taabu kubwa iko barabarani. Mbao na makaa yakishapanda gari yanataka kibali cha KFS, yaani shirika la misitu la serikali, na uchomaji wa makaa una leseni yake, kwa hiyo mtu akishikwa usiku na gunia bila karatasi swali la kwanza ataulizwa umetoa wapi, na atataja kwenu. Kabla mti wowote mkubwa haujakatwa pita ofisi ya KFS iliyo karibu na Butere uwaulize wanataka nini, kuuliza hakulipishwi.

Sasa hao wengine. Tinga sikatai moja kwa moja, ina kazi yake, lakini ekari mbili zote? Hiyo blade haijui tofauti ya lantana na udongo, inasukuma vyote mpaka pembeni, na ule udongo mweusi wa juu ambao avokado yako itauhitaji utaukuta umerundikwa kwa mpaka pamoja na visiki. Shamba linateremka kwenda kijito, mvua ya Butere unaijua, kinachobaki kitaenda na maji. Na je, tinga itajua kaburi la baba liko wapi? Kama huko mbele mtapata visiki vikubwa hapo mnapojenga, iteni kwa saa chache ing'oe hivyo vya kiwanja cha nyumba peke yake. Zaidi ya hapo hapana.

Baba mdogo mheshimu lakini moto pia hapana. Januari miwa ya jirani imekauka majani, wewe mwenyewe umesema imefika mpaka kwa mpaka. Moto ukivuka utalipa miwa ya mtu mpaka hiyo duka ya spea iishe. Na hata usipovuka, lantana hauimalizi kwa moto, juu inaungua lakini shina la chini kwenye mizizi linabaki hai, mvua ikipiga inachipuka na mara hii bila nyasi za kushindana nayo. Watu wanachoma kila mwaka wanashangaa mbona kichaka kinazidi.

Mbuzi za watu usizikaribishe. Lantana ni sumu kwa mifugo, ng'ombe na kondoo na mbuzi pia, inaharibu ini na mnyama anaanza kuchubuka ngozi akikaa juani. Mbuzi mwenye akili na mwenye chakula kingine huiruka, lakini mbuzi mwenye njaa aliyefungiwa humo atakula, na ukiua mbuzi za mtu bajeti yako imeisha. Zikishapatikana nyasi safi hapo baadaye sawa. Na watoto wa majirani ukiwaona wanachuma zile tunda za lantana waambie waachane kabisa na za kijani.

Haya, kazi yenyewe. Elfu thelathini inatosha ukikubali kitu kimoja ambacho watu wengi hawataki kusikia: usimalize pesa siku ya panga. Kichaka kikishafyekwa kinarudi, hicho hakina mjadala, mapera yanachipuka kwa kisiki, lantana inachipuka kwa mizizi, na mbegu zake ndege wamezimwaga hapo miaka yote hii. Anayeshinda ni yule aliyebakisha pesa ya kurudi. Mimi ningetenga elfu kumi na nane ya awamu ya kwanza na hiyo kumi na mbili iliyobaki ukaifungia kwa M-Shwari (akiba ya kwa simu) au popote usipoiona, ya kurudia chipukizi baada ya mwezi mmoja na nusu hivi, halafu tena kabla ya Disemba.

Na usifyeke ekari zote mbili kwa mkupuo. Anza njia ya kuingia, mlango, kuzunguka nyumba, choo ya zamani (hiyo choo itafuteni mapema sana, shimo lililofunikwa na majani limemeza watu), na kaburi. Kaburi mama ndiye aseme, kama anataka mzee wa ukoo aingie kwanza basi aingie kwanza, vijana wa kazi wasubiri nje. Mkishalipata wekeni vijiti na kitambaa chekundu. Kitambaa hicho hicho fungeni kwa mvule, lusiola na kila mti unaobaki, na upige picha kila mmoja kwa simu mbele ya vijana, hapo hakuna mtu atasema hakujua.

Vibarua usiwalipe kwa siku. Kwa siku utalipa watu kukaa chini ya mvule wakiongea mpira. Pima vipande kwa kamba, elewaneni bei ya kipande kimoja, na kwenye maelewano iseme wazi ni kufyeka na kung'oa, siyo kufyeka peke yake, maana hapo ndipo ugomvi hutokea. Lantana inakatwa ikaachwa kama urefu wa goti ili iwe mkono wa kushikia, halafu inachimbwa kwa jembe na mtaimbo mpaka lile fundo la mizizi litoke. Hii fanyeni udongo ukiwa na unyevu, saa hii mvua ikiwepo, ukingoja ikauke shina litakatikia ndani. Iliyong'olewa isitupwe ovyo ovyo chini, tawi lake likilala kwa udongo wa mvua linaweza kutoa mizizi upya, irundikwe mizizi ikiangalia juu juani ikauke kabisa. Baadaye hayo marundo madogo makavu ukitaka kuyachoma, yawe katikati ya shamba mbali na miwa, jioni hakuna upepo, maji na watu wapo, na jirani wa miwa ameambiwa.

Yale maua ya njano machungu usiyatupe hata tawi! Hiyo tithonia imefanyiwa utafiti miaka ya tisini huko Maseno na wakaona majani yake mabichi ni mbolea ya nguvu, yana naitrojeni na fosforasi ya kutosha na yanaoza haraka. Yakateni laini myazike kwenye mashimo ya avokado. Mbolea ya dukani inakukamua na hiyo imeota bure kando ya barabara.

Nyoka. Hao vijana wavae gambuti, siyo ndara, na mtu wa pawa akija na ndara mrudishe, sijui ni nani aliwaambia mguu unaota tena. Anzeni upande wa nyumba mkielekea nje, siyo kutoka pande zote mkikutana katikati, nyoka awe na njia ya kutoka. Mmoja atangulie na fito ndefu akipiga piga. Wengi watakimbia ila kifutu hakimbii, analala hapo hapo akitegemea hujamwona, ndiyo maana mkono hauingii kwa majani, ni fito kwanza. Swila akitema machoni, ni maji mengi safi mfululizo halafu hospitali. Nyoka yeyote akiuma mtu, msichanje, msifunge kamba, mtu atulie asitembee na apelekwe haraka. Namba ya boda mwenye kuaminika iwe kwa simu kabla kazi haijaanza. Angalieni pia nyuki kwa mashimo ya miti mikubwa. Na kama kuna ile miti ya ua yenye maziwa, ojuok kwa Kijaluo, isikatwe kwa panga karibu na uso, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

Mikaratusi ya kijito iache mwisho, na hiyo ndiyo inaweza kukurudishia pesa familia ikikubali. Shule zinanunua kuni, viwanda vya chai kama Mudete pale Vihiga vinatumia kuni za mikaratusi, na iliyonyooka inauzwa kama nguzo. Tafuta bei kwa wanunuzi zaidi ya mmoja na uuze ikiwa imesimama na kuhesabiwa. Mti ukiwa karibu na waya za stima usikate mwenyewe, ripoti Kenya Power waje. Kando ya kijito nako kuna sheria, ukingo unaachwa kuanzia mita 6 mpaka 30 kulingana na mto, na mikaratusi haitakiwi hapo, mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo John Michuki aliamuru ing'olewe kwenye vyanzo vya maji kwa sababu inakunywa sana. Ila usichimbue visiki vya ukingoni, vinashika udongo. Kata chini kabisa, menya ganda mpaka usawa wa udongo, na chipukizi vikitokea uvikwanyue. Ukiamua kutumia dawa ya kuua kisiki, pakaa kwa brashi dakika hizo hizo mti umekatwa, pale pembeni karibu na ganda, ukichelewa haiingii. Lakini karibu na maji mimi ningetumia panga tu.

Kila kipande mkimaliza pandeni kitu wiki hiyo hiyo. Viazi vitamu vizuri sana, vinafunika udongo lantana inakosa jua na mama akija Disemba anakuta chakula. Ukiacha wazi umezifungulia zile nyasi za sangari mlango.

Sasa huyo wa nepia. Usianze kwa kung'oa nepia yake, na usiende peke yako. Sheria yetu inampa mtu aliyekaa wazi kwa shamba la mwingine miaka 12 bila kuulizwa nafasi ya kwenda kortini kulidai, na hesabu huanza siku aliyoingia, nawe hujui ni lini, kwa hiyo usilichukulie kama jambo la kungojea. Mkishafyeka huo upande tafuteni bikoni (mawe ya mpaka) au ile miti ya mpaka ya zamani, mwiteni yeye, asistanti chifu na wazee wawili mtembee pamoja. Akikubali, andikeni na kila mtu atie sahihi. Akikataa, peleka kwa msajili wa ardhi wa kaunti hapo Kakamega, yeye ndiye ana mamlaka ya kuamua mpaka na atakuja na sabeya, mpima ardhi. Ila kumbuka atakuuliza unakuja kwa niaba ya nani na title ni ya marehemu, kwa hiyo ile barua ya chifu ichukue safari hii hii, usirudi Nakuru bila hiyo.

Mama wa Shamba